Ringi ya Lupembasi

Hapo zamani, na si zamani ya wafalme, bali zamani ya karibu kiasi kwamba wahusika wake wote wako hai na ukikosea jambo watakusahihisha, alikuwapo mwalimu mmoja jina lake Sekela. Alifundisha udongo katika Chuo cha Kilimo cha Lupembasi, kule milimani kwenye ukungu na viazi.

Siku aliyoripoti kazini, mkuu wa chuo alimwambia kwamba kila mwalimu lazima asimamie mchezo. Mpira wa miguu ulikuwa na mwenyewe. Mpira wa pete ulikuwa na mwenyewe. Hata bao lilikuwa na mwenyewe, mzee wa maktaba, naye hakuwa tayari kuliachia.

"Kimebaki kikapu," mkuu alisema.

"Sijawahi kucheza kikapu, mkuu."

"Na sisi hatujawahi kuwa nacho. Mtaanza pamoja."

Sekela akaenda stoo. Mtunza stoo, Lusajo, akampa vitu viwili: mpira mmoja na kitabu kimoja cha sheria za mchezo. Kitabu kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa tisa hadi wa kumi na nne. Urefu wa nguzo ulikuwa ukurasa wa saba, kwa hiyo nguzo ya Lupembasi ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Upana wa ringi ulikuwa ukurasa wa kumi.

Sekela akauchukua mpira, akaenda kwa Fundi Ambokile, mchomeleaji wa majembe ya kukokotwa na ng'ombe, karibu na geti la chuo.

"Nataka ringi, Fundi."

"Ya kazi gani?"

"Mpira huu upite ndani yake."

Fundi akapima upana wa mpira kwa uzi. Akaongeza vidole viwili huku, akaongeza vidole viwili huku. Akakata nondo, akaikunja, akaichomelea. Kisha akaushika mpira juu ya ringi, akauachia. Ukapita.

"Mpira umepita, haujapita?"

"Umepita."

"Basi tumemalizana, Mwalimu."

Ringi ikafungwa kwenye ubao. Ubao wenyewe ulikuwa meza ya bwalo iliyokatwa miguu. Wasichana wa mwaka wa kwanza wakapanga mstari, wakaanza kurusha. Wa kwanza akarusha, mpira ukagonga chuma, ukarudi. Wa pili akarusha, ukagonga chuma, ukarudi. Wa tatu akarusha, ukagonga chuma, ukarudi na kumpata wa nne puani.

"Mna mikono ya mbao!" Sekela akapaza sauti. "Kikapu kinahitaji mikono, si mbao!"

Wiki ya kwanza wakaondoka tisa, wakaenda kwenye mpira wa pete. Wiki ya pili wakaondoka kumi na wawili. Hadi mwezi unakwisha walikuwa wameondoka thelathini na mmoja. Wakabaki sita, na katika hao sita alikuwamo Subilaga, msichana mfupi, mbishi, ambaye akiambiwa jambo haliwezekani huuliza limeshindikana mara ngapi.

Subilaga akarusha siku ya kwanza, ukagonga chuma, ukarudi. Akarusha siku ya kumi, ukagonga, ukarudi. Siku ya ishirini. Siku ya thelathini. Siku ya arobaini Sekela akamwambia, "Mwanangu, nenda ukapumzike, kuna na kwaya." Siku ya arobaini na moja mpira ukaenda juu sana, ukashuka wima kama mvua isiyo na upepo, ukapita. Haukugusa chuma. Mpishi akagonga kengele ya bwalo, watu wakadhani chakula kimewahi.

"Umefanyaje?" Sekela akauliza.

"Nimeupeleka juu, Madam. Ukija kwa pembeni ringi haikubali. Ukishuka kutoka juu, inakubali."

Hapo ndipo Sekela alipoanza kazi yake kweli. Alikuwa mwalimu wa kilimo, akafanya kama mkulima. Akatandika kamba za kupandia uwanjani, sentimita sabini na tano mstari hadi mstari, kama shamba la mahindi. Kila mchezaji alisimama kwenye shimo lake, yaani alama yake kwenye kamba, na hakuruhusiwa kuhamia shimo la pili mpaka mipira kumi ipite. Wasichana waliliita zoezi hilo "kupanda". Walipanda kabla ya kifungua kinywa, wakapanda baada ya vipindi, wakapanda kwenye manyunyu. Aliyelalamika aliambiwa mahindi hayalalamiki.

Barabara ya Lupembasi ni ile ambayo dereva akifika hushuka kwanza aiangalie. Hakuna timu iliyokubali kupanda huko. Mechi zote zilichezwa mjini.

Mwaka wa kwanza walifungwa zote, maana walijua kurusha tu, kukaba hawakujua. Mwaka wa pili wakajua kukaba. Mwaka wa tatu, kwenye Kombe la Vyuo vya Kanda, Subilaga akarusha kutoka mbali, ukapita. Mwenzake akarusha, ukapita. Yule aliyeingia dakika za mwisho kwa sababu wenzake waliumwa tumbo akarusha, nao ukapita.

Subilaga akakimbia hadi kwenye benchi. "Madam, ringi ya hapa imepanuka."

"Haijapanuka. Ubao wao ni mdogo. Wetu ni meza nzima, ndiyo maana ringi yetu inaonekana ndogo. Rudi ukacheze."

Hakuna aliyebisha. Madam alikuwa mtu wa sayansi.

Mwaka ule wakawa wa tatu. Uliofuata wakawa wa pili. Kisha wakachukua kombe, na wakaendelea kulichukua, hadi makombe yakawa tisa na mlango wa kabati la mkuu wa chuo ukawa haufungiki. Makocha wa vyuo vingine walimfuata Sekela wakimwomba siri.

"Nidhamu," alijibu, "na kupanda kwa mistari."

Aliamini hivyo kwa miaka ishirini na mmoja.

Mwaka wa kustaafu ukafika. Chuo kikajenga uwanja mpya wa saruji, na mchora vibao, Osia, akaletwa pamoja na ngazi yake. Aliandika UWANJA WA, akaacha nafasi.

"Mwalimu Sekela," mkuu wa chuo alisema, "jina utalitaja wewe. Moja tu, kibao ni kidogo. Wageni wanafika kesho saa nne." Kisha akaenda kushughulikia turubai.

Kila mtu alijua ni jina gani. Ilikuwa adabu tu kumwachia alitaje mwenyewe. Sekela alikuwa amejipanga: angekataa mara mbili, akubali mara ya tatu. Alikuwa hata amelijaribu mbele ya kioo lile tabasamu la mara ya tatu. Hakuwa na mtoto, hakuwa na nyumba ya ghorofa. Alikuwa na timu, na alitaka kuliacha jina lake mahali ambapo miguu ya wasichana ingepita kila asubuhi.

Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, Fundi Ambokile akapanda kuishusha ringi ya zamani. Pale chini ilikuwa imelala ringi mpya iliyonunuliwa mjini, ikisubiri kufungwa. Fundi akaiweka ya zamani juu yake. Ikatumbukia ndani, ikakaa katikati, kama sufuria ya chai ndani ya sufuria ya ugali.

Wakasimama wote wakaitazama. Subilaga naye alikuwapo. Sasa alikuwa afisa ugani wa wilaya, mama wa watoto watatu, amekuja kumuaga mwalimu wake.

"Fundi," Sekela akasema polepole, "hii ni nini?"

"Ringi yako, Mwalimu."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ni ya wenzetu wasiojua kubana chuma."

Lusajo, mtunza stoo, akakohoa. Akafungua mkanda wake wa suruali, akaulaza juu ya ringi mpya, ukingo hadi ukingo, akauonyesha. "Mwaka wa tatu, kule mjini, nilipima ringi yao kwa mkanda huu. Niliporudi nikapima yetu. Tofauti ni matundu matano."

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Miaka yote hii?"

"Si hilo tu." Akaenda stoo huku akishikilia suruali. Akarudi na ringi mbili, bado zimefungwa karatasi, zimejaa vumbi la chokaa. "Ofisi ya michezo ilituletea mwaka wa tano. Niliziweka chini ya magunia ya chokaa. Ulipouliza, nilisema hazijafika."

Sekela akakaa chini kwenye ngazi ya Osia.

Wa kwanza kudai alikuwa Fundi Ambokile. "Kumbe timu ni yangu!" akasema. "Osia, andika: Ambokile. Mimi ndiye niliyewatengenezea mtihani mgumu, ule wa mjini wakauona mchezo wa watoto. Makombe tisa yametoka kwenye nondo yangu moja."

"Ulikosea, Fundi," Sekela akasema.

"Nilikosea vizuri."

"Kukosea ni kazi ya alasiri moja," Lusajo akasema. "Wewe ulikosea ukaenda kula. Mimi nilinyamaza miaka kumi na minane. Unajua kunyamaza mbele ya mwanamke huyu anayekuja stoo kila Jumatatu kuuliza ringi? Ukaguzi ukija, natetemeka. Padri akihubiri juu ya uongo, nadhani ananitazama mimi. Ningezitoa zile ringi, tungerudi kuwa wa mwisho. Fundi alitengeneza bila kujua. Mimi nililinda nikijua."

Subilaga akacheka, lakini si cheko la furaha. "Mnazungumza kama ringi ilijirushia mpira. Siku arobaini na moja! Ringi ilikuwa mbovu, nikaambiwa mikono yangu ndiyo mibovu. Madam, uliniambia niende kwaya."

"Nilikuambia upumzike."

"Ukasema kuna na kwaya. Mimi ndiye niliyeonyesha kwamba inawezekana. Kupeleka mpira juu, nani alianza? Wote waliokuja baada yangu walirusha kwa mkono wangu. Na wale thelathini na mmoja walioondoka? Huenda kati yao alikuwamo bora kuliko mimi. Walikwenda zao wakiamini wana mikono ya mbao. Kama kuna jina la kuandikwa, liandikwe la aliyebaki."

Sekela akainuka. Sasa hakuwa akitabasamu tabasamu la kioo.

"Sawa," akasema. "Fundi alikosea, Lusajo akanyamaza, Subilaga akabaki. Lakini ringi hiyo peke yake ilifanya nini? Ilifukuza watu thelathini na mmoja kwa mwezi mmoja. Nani aliwashika waliobaki? Nani aliamka saa kumi na moja miaka ishirini na mmoja kutandika kamba kwenye umande? Subilaga, baba yako alipokutoa chuo akuoze, nani alikwenda kwake mara tatu kwa miguu?"

Subilaga akatazama chini. "Ni wewe, Madam."

"Mara ya tatu alinifungulia mbwa."

"Ni kweli. Na mbwa alikuwa mkali."

Fundi akajikuna kidevu. "Lakini hebu nikuulize, Mwalimu. Mchwa wasingekula ule ukurasa, ukajua kipimo, ungeniamuru niipanue?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi."

"Na mimi nikuulize," Lusajo akasema. "Ungejua ringi ziko chini ya chokaa?"

"Ningezifunga kabla ya chai ya saa nne."

"Basi."

"Na mimi," Subilaga akasema, sauti imeshuka. "Siku ya arobaini ningekutii, nikaenda kwaya. Ungeendelea?"

Sekela akaigeukia ringi ya zamani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka uwanjani. "Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuuacha mchezo," akasema. "Ilikuwa mfukoni siku mpira ulipopita."

Hakuna aliyesema basi.

Kisha Sekela akawatazama mmoja mmoja. "Na mimi nisingekuja Lupembasi?"

Subilaga akamtazama Lusajo. Lusajo akautazama mkanda wake. Fundi Ambokile akaiokota ringi yake ya zamani.

"Nondo hii," akasema, "ningetengenezea kigoda cha sufuria."

Osia alikuwa amesimama muda wote huo na brashi hewani. "Samahanini, wakubwa," akasema. "Rangi inaganda. Jina?"

Wote wakamgeukia Sekela. Yeye alikuwa amejipanga kukataa mara mbili na kukubali mara ya tatu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuna aliyempendekeza hata mara moja. Akaunyoosha mkono. Osia akampa brashi. Akapanda ngazi, hatua ya kwanza, hatua ya pili, akafika mbele ya UWANJA WA. Chini yake wanasubiri watu watatu, na kila mmoja wao anajua herufi ya kwanza ya jina lake.

Brashi iko juu, kibao ni kidogo, na wageni wanafika kesho saa nne. Yuko aliyekosea na kosa likazaa. Yuko aliyedanganya na uongo ukalinda. Yuko aliyebaki wengine walipoondoka. Yuko aliyewaamsha wote, naye alikuwa na barua mfukoni.

Je, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza, mkimshika Sekela mkono pale juu ya ngazi, mtauongoza uandike jina la nani?