Nani Atampa Jina Mtoto wa Kiangio?

Sogeeni karibu. Nina kisa kilichonishinda mimi mwenyewe, labda ninyi mtakiweza.

Walikuwepo watu watatu. Mwantumu, mkulima wa nyanya huko milimani, alijaliwa pua: alijua maziwa yameanza kuchacha kabla hujafunua sufuria. Semkiwa, tabibu wa zahanati, alijaliwa macho, na alichokiona usoni mwa mgonjwa hakikumtoka. Editha, muuguzi wa hospitali ya wilaya, alijaliwa subira. Wenzake walimwita king'ang'anizi.

Jirani yake Mwantumu aliitwa Kiangio. Mkewe, Sauda, alikuwa na mimba baada ya kusubiri miaka tisa. Asubuhi moja Kiangio alijitwika bomba la dawa mgongoni, akaenda kupulizia nyanya. Bomba lilivuja, shati likalowa hadi kiunoni, lakini hakuacha. Yalibaki matuta mawili tu. Saa tano akaanguka njiani.

Watu wakajaa. Mate yalimtoka, jasho lilimtiririka, suruali imelowa mkojo.

"Amelewa huyu."

"Hapana, ni homa, imempanda kichwani."

"Leteni maziwa anyweshwe!"

Sauda alizunguka katikati yao, hajui ashike neno la nani.

Mwantumu akainama, akanusa mara moja tu. "Ni dawa ya nyanya! Msimpe kitu mdomoni!" Akajivika mifuko ya plastiki mikononi, akachana shati, akamvua na suruali, mbele ya wakwe na watoto. Akamlaza ubavu, akamwosha kwa sabuni na ndoo sita za maji.

"Mwanamke hana haya," mtu akanong'ona. Mwantumu alisikia, akamwaga ndoo nyingine. Kisha akasimamisha gari la matenga ya nyanya, wakampakia, na Sauda akapanda naye.

Zahanati ilikuwa na foleni ya wenye malaria, na msaidizi alishaanza kumwandika Kiangio pamoja nao. Semkiwa akamfunua jicho. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kifua kilikoroma kwa maji. Mapigo ya moyo thelathini na manane kwa dakika.

"Futa malaria. Sumu inauzima moyo."

Akamchoma sindano ya atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Dakika tano, hakuna nafuu. Akaongeza mara mbili. Kisha mara mbili tena.

"Daktari, utamuua!" msaidizi akamshika mkono. "Hatujawahi kumpa mtu dawa nyingi hivi."

"Nami sijawahi. Lakini kifua bado kina maji."

Akautoa mkono wa msaidizi, akachoma tena. Alipomaliza kichupa cha mwisho, kifua kikakauka, moyo ukafika tisini. Akapanda naye gari la wagonjwa, akimsukumia pumzi kwa mfuko wa kuminya kwa mkono njia nzima.

Siku ya tatu hospitalini, Kiangio alikunywa uji na kutania wenzake. Hakukumbuka chochote tangu matuta yale mawili. Daktari wa zamu akasema aruhusiwe, kitanda kinahitajika.

Editha alishika karatasi ya kipimo cha moyo. "Daktari, kila pigo likiisha, moyo wake unachelewa kujiweka sawa. Sumu haijamalizana naye."

"Anacheka, Editha."

"Anacheka, ndiyo. Aende kesho."

Kiangio mwenyewe akamsihi, "Dada, mke wangu anakaribia kujifungua. Nitolee hizi nyaya za kifuani."

Hakuzitoa. Saa nane mchana, Kiangio akanyamaza katikati ya sentensi. Moyo ulikimbia, kisha ukawa unatetemeka tu, hausukumi damu. Editha alikuwa palepale. Akamkandamiza kifua, akamshtua kwa mashine, dripu ya magnesi ya kutuliza moyo ikafungwa. Moyo ukarudi.

Alipoambiwa kwamba alikufa akarudi, Kiangio alilia, akaapa mbele ya wodi nzima: "Aliyenirudisha ndiye atakayempa mwanangu jina." Aliapa bila kujua habari za wengine.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya saba wote watatu, waliokwisha kusikia kiapo kile, wakafika, kila mmoja na jina lake.

"Aitwe Hoza," alisema Mwantumu. "Hoza kaka yangu alianguka shambani vivyo hivyo. Tulisema amelewa, tukamwacha alale. Bila maji yangu, tabibu angepokea maiti."

"Aitwe Semkiwa," alisema tabibu. "Mimi sina mtoto. Bila sindano zangu, angekufa akiwa safi."

Editha alikuwa wa mwisho kusema. "Aitwe Yona, kama baba yangu. Moyo wake ulisimama wodini, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Wenzangu mlimfikisha kwangu, sikatai. Lakini mikononi mwangu ndimo alimofia."

Kiangio akawatazama mmoja mmoja. "Jamani, nisaidieni. Kila mmoja ananisimulia kifo changu, na mimi sikumbuki hata kimoja. Sauda, wewe uliona. Ni nani?"

"Niliwaona wa kwanza na wa pili wakikurudisha," akasema Sauda. "Kwa wa tatu sikuwepo. Na huyo wa tatu ndiye uliyemwapia."

"Basi nimpe yeye?"

"Sijasema hivyo, mume wangu."

Wakwe wakaanza kubishana, kila upande na mtu wake. Mtoto akalia, na walipotaka kumbembeleza hawakuwa na jina la kumwitia.

Je, ninyi mnaonisikiliza, mngemkabidhi nani mtoto huyu ampe jina?