Godoro la Kiboko Lapelekwa kwa Mganga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulalia magodoro, Kiboko alikuwa na godoro nene la sufi kando ya bwawa. Basi hilo godoro, haliachi! Akiambiwa atembee kidogo, analia:

"Kokoto zinachoma! Jua linaunguza! Mimi nina ngozi laini, jamani!"

Bwawa likakauka, likabaki tope. Mkewe akafungasha masufuria.

"Mume wangu, twende mto mkubwa, ng'ambo ya kilima. Hapa tutakufa."

"Tangulia. Nitakuja njia ikilainika."

Mkewe akasonya, akaenda zake.

Jirani yao Nguchiro naye alitaka kuhama, lakini njiani kulikuwa na fisi, na yeye ni tonge moja tu. Akapiga hodi kwa Kiboko, akaliinamia godoro, akatega sikio.

"Alaa! Shemeji, godoro lako linaumwa!"

"Linaumwa?"

"Hebu jigeuze."

Kiboko akajigeuza. Fuuuu!

"Umesikia? Limebanwa kifua. Ng'ambo ya kilima yuko mganga wa magodoro."

"Mama wee! Mwite aje!"

"Mgonjwa wa kubebeka hubebwa, shemeji."

Kiboko akalia, akajitwika godoro kichwani. Nguchiro akarukia juu, ati analipima homa.

Kwaru, kwaru! Kokoto zikamla nyayo.

"Aii! Nakufa!"

"Polepole, mgonjwa anakusikia! Usimtie hofu."

Kiboko akauma meno. Fisi walipotokea, wakamkuta analibembeleza godoro: "Tulia mwanangu, baba yupo." Wakatazamana. Wakatimua mbio, wakihofia wazimu ule usije ukawaambukiza.

Siku zikapita. Nyayo zikatoka malengelenge, yakapasuka, ikaota ngozi mpya. Kiboko hakuona, macho yote yalikuwa kwa mgonjwa.

Wakafika kileleni. Chini mto ulikuwa unang'aa, na mkewe anaogelea.

"Mganga yuko wapi?"

Nguchiro akateleza chini taratibu. "Shemeji... hakuna mganga. Nilitaka mtu wa kunivusha kwa fisi."

"Weee!"

Kiboko akatupa godoro, akamfukuza. Puu! Puu! Puu! Wakateremka kilima, wakapita kwenye changarawe, wakaingia kwenye miiba, wakatokea upande wa pili. Mara Kiboko akasimama ghafla.

"Nguchiro!"

"Nisamehe, shemeji!"

"Nimekimbia!"

"Naona!"

"Kwenye miiba!" Akainua mguu, akaugonga unyayo kwa jiwe. Ko! Ko! Mgumu kama gome la mti. Akaangua kicheko mpaka kilima kikatikisika, akajitupa mtoni, chubwi!

Mkewe akafuta maji usoni. "Wewe! Nani amekubeba?"

"Nimekuja kwa miguu yangu," akasema Kiboko, na sauti ikamtetemeka kwa fahari.

Wajukuu zangu, unyayo haukomai kitandani.