Fisi Msaidizi na Kamba ya Suruali

Nimekuja na ngano.

— Itue tuione.

Imenilemea mabega.

— Itue tukupokee.

Haya, naitua. Mwenye kusinzia akae nyuma, asije akaniambukiza.

Palikuwa na shule kando ya kichuguu. Mwalimu wake alikuwa Kanga, na wanafunzi wake walikuwa watoto waliozaliwa tofauti kidogo na wenzao. Pimbi alikuwa na mkono mmoja. Kindi alikuwa haoni kitu. Ngedere mdogo alikuwa mzito wa kushika mambo: akifundishwa leo, kesho anafundishwa tena. Na wengine walikuwepo, wengi tu.

Kanga hakuwafundisha kukariri majina ya milima. Aliwafundisha stadi za maisha. Kindi alijifunza kujimiminia maji: ukucha mmoja ndani ya ukingo wa kikombe, maji yakiugusa, acha. Ngedere alijifunza kunawa kwa wimbo, maana bila wimbo alisahau sabuni. Pimbi alijifunza kumenya kiazi akikibana kwa magoti, na kufunga kamba ya kaptula kwa mkono na meno. Kamba hiyo ilimliza muhula mzima.

Sasa, shule hiyo ilikuwa na msaidizi. Msaidizi alikuwa Fisi. Hakuna aliyemwajiri, alifuata harufu ya viazi, akakaa.

Pimbi akishika kiazi, Fisi husema, "Acha, mwanangu, utaumia. Nitakusaidia." Chwap. Kiazi kimekwenda.

Kindi akishika kikombe cha uji, Fisi husema, "Acha, mwanangu, utamwaga. Nitakusaidia." Fyoo. Uji umekwenda.

Ngedere akishika ndizi, Fisi husema, "Acha, mwanangu, utasahau kumenya. Nitakusaidia." Chwap. Ndizi imekwenda na ganda lake.

Kanga alilalamika. Fisi akamjibu kwamba moyo wake ni laini, hawezi kuvumilia kuona mtoto akihangaika. Kanga akayatazama meno ya mwenye moyo laini, akarudi ubaoni.

Watoto wakakonda. Fisi akanenepa, na bado hakutosheka. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi kwamba watoto wao hawawezi kitu, wanateseka bure. Siku ya wazazi ikifika waje wawachukue, wawafungie ndani wapumzike, na viazi waendelee kumletea yeye, atawapelekea watoto. Wazazi wakaamini. Baba Pimbi akasuka tenga la kumbebea mwanawe.

Pimbi aliposikia, aliumia sana. Nyumbani kulikuwa na giza mchana kutwa na hakuna mtu wa kuzungumza naye. Akalia kidogo, kisha akamuuliza mwalimu siku ya wazazi kutakuwa na nini. Kanga akasema kutakuwa na nyimbo, kutakuwa na viazi, na tena ndiyo siku ya dawa ya minyoo: mafuta ya nyonyo, kijiko kwa kila mtoto. Dawa hiyo Pimbi aliijua. Aliinywa muhula uliopita, na tumbo lake lilikuwa bado linaikumbuka.

Siku ikafika. Fisi akaona msaidizi hawezi kusimama mbele ya wazazi akiwa uchi, akaazima suruali. Suruali ilikuwa ya kamba, na Fisi kamba hazijui. Pimbi akajitolea kumfungia. Fisi akakubali bila kutazama, maana mdomoni alikuwa na kiazi na macho yake yalikuwa kwenye kingine. Pimbi akafunga kwa mkono na meno, kama alivyofundishwa: ncha moja ukiivuta inafungua, nyingine inakaza. Alifunga vizuri kabisa, na ile ncha ya kufungua akaisokomeza ndani.

Wazazi wakaketi. Fisi akawahutubia kwamba watoto hawa hawawezi kula, hawawezi kunywa, hata kumeza ni yeye anayewamezea. Hapo Kanga akaleta chupa na kijiko.

Pimbi akanyoosha mkono wake. "Mwalimu, sisi hatuwezi kumeza. Mjomba Fisi atatumezea."

Fisi akaitazama chupa, akawatazama wazazi. Wazazi walikuwa wanamtazama kwa shukrani. Akafungua mdomo. Kijiko cha Pimbi, gubu. Kijiko cha Kindi, gubu. Kijiko cha Ngedere, gubu. Ngedere akasema hakumbuki kama chake kimemezwa. Gubu tena. Na watoto wengine walikuwa bado wamepanga foleni.

Wimbo wa kwanza haukufika katikati. Tumbo la Fisi likasema gurrr. Fisi akavuta kamba. Ikakaza. Gurrr. Akavuta tena. Ikakaza tena. Akawageukia wazazi, lakini wengi wao walikuwa na kwato. Baba Pimbi akajaribu kwa mikono yake yote miwili, akashindwa, akakuna kichwa.

"Mwanangu," Fisi akanong'ona, "nisaidie."

"Nani akusaidie, mjomba?"

"Wewe."

"Mimi mwenye mkono mmoja?"

"Wewe mwenye mkono mmoja. Unaweza."

"Wazazi wa nyuma hawajasikia."

"Anaweza!" Fisi akapiga kelele. "Wote wanaweza. Walikuwa wanaweza siku zote, mimi nilikuwa nakula tu."

Pimbi akaichomoa ile ncha ya ndani, akavuta. Pwa. Suruali ikashuka, Fisi akatoka mbio. Choo kilikuwa karibu, lakini siku ya somo la choo yeye alikuwa jikoni, kwa hiyo akashika njia nyingine, akapotelea bondeni. Hajarudi.

Wazazi wakawageukia watoto. Kindi akajimiminia maji, akaacha pale yalipomgusa ukucha. Ngedere akanawa huku akiimba, na sabuni hakuisahau. Pimbi akabana kiazi magotini, akamenya, akampa baba yake nusu. Baba Pimbi aliona fahari na aliona aibu, vyote kwa pamoja. Lile tenga akalipeleka jikoni liwekewe viazi, akarudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto akabaki shule.

Ngano imeketi hapo, na mimi niacheni niketi. Mnataka funzo? Lipo. Enyi wazazi, mtoto mwenye ulemavu msimfundishe kufunga kamba. Akijua kufunga atajua kufungua, akijua kufungua atajua kumenya, na akishajua kumenya atakula mwenyewe. Sasa wasaidizi wetu wale nini?