Vipimo vya Mguu wa Mwalimu

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi mwenyewe, na akiulizwa hakatai. Alichonga miguu bandia pamoja na dada yake, muuguzi, aliyepima vigutu vya wagonjwa na kuingiza vipimo kwenye kompyuta moja kuukuu, inayojikokota kama kinyonga.

"Tuweke mfumo mpya, Linux," dada alisema. "Chukua aina ya Mint, ndiyo rahisi kwa sisi tunaoanza. Na uiweke kando ya mfumo wa zamani, usiuguse. Programu ya vipimo inafanya kazi humo tu."

"Mint ni ya wanaotambaa, dada. Mimi nataka ile ya mabingwa."

"Bingwa wa nini? Juzi kitufe cha kuzimia kompyuta ulikitafuta nusu saa!"

Fundi alicheka, akatia masikio pamba. Mfumo wa mabingwa ulimtaka agawe diski mwenyewe, huku mfumo wa zamani, huku mpya. Alijaribu mara tatu, jasho likimtiririka. Chini ya skrini palikuwa na chaguo jepesi: futa diski yote. Alijipa moyo kwamba nakala za vipimo alikwisha kuziweka. Akabonyeza.

Asubuhi dada alitafuta vipimo asivione.

"Nakala uliziweka wapi?"

"Humo humo kwenye kompyuta."

Dada aliketi chini. Karakana ilikuwa finyu, hivyo kila kalibu ya plasta yenye umbo la kigutu waliivunja mara vipimo vilipokwisha kuingizwa. Hapakubaki kitu.

Wakati huo mwalimu mmoja, mgonjwa wao, alikuwa mlangoni kwa magongo, baada ya safari ya siku mbili, amekuja kuuchukua mguu wake, uliobaki kuchongwa sehemu ya kuvalia tu. Dada alimfungua bandeji. Kigutu kilikuwa kimevimba kwa safari. Kisingepimika hadi wiki tatu zipite. Shule ilimshikia nafasi yake hadi Jumatatu, si zaidi.

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nisamehe, mwalimu. Lakini mfumo huu mpya una kasi ajabu. Ukirudi, kazi yako tutaimaliza upesi."

Mwalimu alikusanya magongo yake, akamtazama.

"Kasi yake nimeiona, mwanangu. Jumatatu nisimame juu yake darasani? Mfumo wako wa zamani ulikuwa mkeka uliochakaa, lakini mguu wangu ulikuwa juu yake. Usiache mbachao kwa msala upitao."