Ngitili ya Nkwabi

Uzio hulinda na gugu. Mmelisikia neno hilo asubuhi hii joshoni mkiogesha ng'ombe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza lilitoka wapi. Lilitoka kinywani mwa baba yangu mzazi, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Baba aliitwa Nkwabi. Ndiye aliyekabidhiwa ngitili ya kijiji, yale malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ili ng'ombe wapate cha kula nyasi za nje zikiisha. Yalizungushiwa uzio wa miiba. Yakishafungwa, haingii ng'ombe, haingii mtu. Mwaka mmoja shemeji yake aliruka uzio kumfuata ndama aliyepotea, na baba akamtoza mbuzi. Shangazi yangu, mke wa huyo shemeji, alinuna hadi mavuno. Baba hakujali.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri. Mama alirudi kutoka kisimani akasema ameona ndani ya ngitili, karibu na uzio, gugu lenye maua ya manjano asilolijua. Baba akaenda kulitazama akiwa nje ya uzio, nami nikamfuata. Lilikuwa shina moja tu, na jingine dogo pembeni. Nyasi zilizolizunguka zilikuwa zimekauka, ingawa udongo ulikuwa bado na maji. Baba alisimama pale mpaka nikachoka kumngoja.

Jioni mama akamwambia, "Baba Limi, ingia ukaling'oe. Sasa hivi ni kazi ya mkono mmoja."

"Nimemtoza shemeji mbuzi."

"Yule alifuata ndama wake. Wewe utafuata gugu la wote."

"Nikiingia mimi leo na sababu yangu, kesho kila mtu atakuja na sababu yake. Ngitili itaisha hata kabla kiangazi hakijafika."

"Basi waite wazee, mwingie pamoja."

"Wazee ndio waliofunga. Acha, mama Limi. Tukifungua, ng'ombe watalikanyaga."

"Haya," mama akasema. "Mimi nimesema."

Baba hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa kuonekana anajipendelea, na mtu wa namna hiyo akikosea, hata kumgombeza unashindwa. Kila asubuhi alipita kando ya uzio akiziba matundu kwa miiba mipya. Gugu likachanua, likapukutisha mbegu, upepo ukazitawanya. Huku nje lilipochomoza, wachungaji waliling'oa papo hapo. Kule ndani halikuguswa na mtu.

Kiangazi kikaja kikali. Siku ya kufungua, kijiji kizima kilifika na ng'ombe waliobaki mbavu tupu. Baba aliondoa miiba ya langoni kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ombe wakaingia mbio, wakanusa, wakasimama. Ngitili nzima ilikuwa ya manjano. Walizunguka wakitafuta jani la nyasi kati ya mashina, kisha mmoja mmoja wakarudi langoni, wakatutazama.

Shemeji yake alikuwepo. Sote tulimngoja aseme. Akasema kwa upole, "Hukumwacha mtu aingie, Nkwabi. Hilo sote tunalishuhudia."

Afadhali angemtukana. Baba akaketi chini vumbini, akasema, "Uzio hulinda na gugu."

Tuliling'oa mpaka viganja vikatoka damu, lakini mbegu zilishajaa ardhini, na nyasi hazioti kwa sababu watu wanajuta. Ng'ombe wakafa. Dume la baba, lile alilolipenda kuliko yote, lilifia palepale langoni. Waliobaki waliswagwa kuelekea kusini, familia baada ya familia, na wengi hatukuwaona tena. Shangazi aliondoka bila kuaga. Baba alibaki akiendelea kuziba matundu ya uzio uliozunguka malisho yasiyo na kitu. Tulimwambia aache, hakusikia. Alifanya hivyo mpaka macho yake yalipokwisha nguvu. Nilimlilia sana alipokufa, na mpaka leo namkasirikia.

Mkipita kule mtayaona maua yenyewe. Miiba yote ilishaliwa na mchwa, wala hakuna tena wa kufunga malisho. Mama alilionyesha gugu hilo likiwa mashina mawili tu, na baba angeling'oa kwa mkono mmoja.

Basi mkilisikia tena joshoni, msicheke. Uzio hulinda na gugu.