Mwimbaji Aliyezikaza Nyuzi

Hapo zamani, si zile za mababu, bali zamani ambazo simu zilikuwa zimeshafika, palikuwa na bendi ya roki mjini Tukuyu. Walikuwa wanne. Ambwene alipiga gitaa, Lusajo alipiga besi, Gwakisa alipiga ngoma, na Atuganile aliimba. Albamu yao ya kwanza ilikuwa ya mbio na kelele. Atuganile alipandisha sauti mpaka mabati ya chumba cha mazoezi yakalia, na watu walimpenda kwa hilo.

Kisha Atuganile akajifungua kwa upasuaji. Baada ya miezi minne akarudi, mtoto wake Tusekile mgongoni, kutayarisha albamu ya pili. Kila alipopandisha sauti, mshono ulimvuta na pumzi ikamkatikia njiani. Hakumwambia mtu. Aliogopa. Bila ile sauti ya juu, bendi ingemtaka wa nini?

Lakini wiki ya pili aliifikia ile sauti ya juu. Wiki ya tatu akaifikia bila taabu. Badala ya kufurahi, akaingiwa na shaka. Nyumbani aliimba pamoja na albamu ya zamani, akashindwa. Akajua kule mazoezini nyimbo zimeshushwa sauti. Nani kazishusha, tena kimyakimya?

Siku moja aliwahi mazoezini, akachungulia dirishani. Akamwona Ambwene akilegeza nyuzi za gitaa na za besi huku akitazama mlango. Akasema moyoni, "Huyu ana jambo."

Siku nyingine aliwahi, akachungulia. Akamwona Gwakisa akizifunika ngoma kwa blanketi. Akasema, "Na huyu ana jambo."

Siku ya tatu aliwahi, akachungulia. Akamsikia Lusajo akiimba wimbo wa Atuganile, neno kwa neno, hata pale mwenyewe anapovutia pumzi. Akasema, "Huyu ndiye mwenye jambo."

Hata mto uliowekwa kwenye kiti chake ulimtia shaka. Tangu lini mwimbaji wa roki akakaa? Chupa ya uji wa moto iliyokuwa kando ya kiti aliinywa kila siku, wala hakuna aliyewahi kujisifu kwamba ameileta.

"Ambwene," aliuliza, "mbona siku hizi tunapiga kama tunabembeleza?"

"Tumekua, mama Tusekile."

"Zamani uliniita Atu."

Gwakisa akadakia, "Zamani hukuwa na mtu wa kutukojolea mkeka."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kurekodi wakaenda Mbeya. Studio walipewa siku moja tu. Wenzake walipotoka kunywa chai, Atuganile akakaza nyuzi za gitaa na za besi kama zamani. Akalificha blanketi la Gwakisa. Lusajo aliporudi, akamwambia mbele ya fundi wa studio, "Leo wewe ufunge mdomo."

Mashine ikawashwa. Ambwene alipogusa nyuzi tu akajua, akamtazama. Atuganile akampa ishara aendelee. Walipofika pale juu, sauti ikakatika. Akajishika tumbo, akakaa chini.

"Mnataka kunitoa," alisema. "Nyimbo zangu mmeshampimia Lusajo."

Ambwene akasema, "Nililegeza nyuzi nilipoona unaushika mshono. Sikutaka kukulazimisha useme usilotaka kusema. Leo umenifanya mwizi. Niombwe radhi mimi kwanza."

Gwakisa akasema, "Na mimi je? Napiga ngoma kama napapasa vifaranga, vijana wa sokoni wananiita babu. Nilivumilia ili usikike bila kupiga kelele, na mwanao alale. Niombwe mimi kwanza."

Lusajo akasema, "Nilijifunza mahali pumzi inapokuishia, ili nilidake neno lisianguke. Unapoweza, sikuwahi kukuingilia. Mimi ndiye uliyenifunga mdomo mbele ya mgeni. Niombwe mimi kwanza."

Atuganile akajifuta macho. "Wema wenu nauona. Ila mlinishonea nguo bila kunipima. Miezi miwili mmeijua siri yangu, na kila usiku nimelala nikijiona nafukuzwa. Mngeniambia neno moja tu. Niombwe mimi kwanza."

"Si wewe uliyeanza kuficha?" Gwakisa akauliza.

"Mimi nilificha tumbo langu. Ninyi mlificha wimbo wangu."

Fundi wa studio akavua visikilizio. "Rekodi za mazoezini mlizonitumia nimezisikia," alisema. "Sauti hiyo mpya ni nzuri kuliko ile ya kelele. Lakini walionuna siwarekodi, mashine inawasikia. Mmoja aombwe radhi, tuanze. Saa kumi wanaingia wengine."

Ilikuwa saa tisa na robo. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa tayari kusamehe, na hakuna aliyekuwa tayari kuomba.

Haya, kina mama wenzangu, na ninyi kina baba mnaojifanya hamsikii, amueni kabla saa haijafika. Kati ya hawa wanne, nani alistahili kuombwa radhi kwanza?