Chambo Kilichofungwa Barazani

Mtu mmoja alikuwa na binti wa kuozwa. Yeye aliitwa Nyanje, na binti yake Jumwa. Wakwe walipotuma habari kwamba Jumamosi watakuja kula, Nyanje alisema mbele ya majirani kuwa hatanunua kitoweo. Atawalisha kolekole mkubwa aliyemvua kwa mkono wake, kwa chambo alichokifunga mwenyewe. Na neno likishatoka, ndugu zangu, halirudi mdomoni.

Nyanje hakuvua kwa nyama. Alivua kwa ufito na mshipi wa kurusha, na chambo chake kilikuwa ndoana kubwa iliyofungwa singa za mkia wa ng'ombe, ili ikiingia majini ifanane na samaki mdogo anayekimbia. Aliibana ndoana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, pale barazani, akafunga singa chache kwa uzi wa cherehani, akazichana kwa kitana, akabandika shanga mbili ziwe macho. Akatosheka.

Akapita Chengo, fundi wa baiskeli. "Ndiyo nini hicho, Baba Jumwa? Mbona kama kuku aliyenyeshewa? Kolekole atakuonea huruma, akuletee yeye chakula!"

Watu wakacheka. Nyanje naye akacheka, lakini walipoondoka aliongeza fungu la singa. Mwingine akapita, akasema sasa kinaanza kupendeza. Akaongeza fungu jingine. Akawa hivyo wiki nzima: akisifiwa anaongeza, asiposifiwa anaongeza zaidi. Kufikia Ijumaa chambo kilikuwa kimejaa kama ufagio mpya, na Chengo mwenyewe alikipima mkononi akasema, "Hapo sasa! Hiki hata mimi ningekimeza." Nyanje akalala kwa furaha. Hakukitia majini hata ndani ya ndoo. Nasi ndivyo tulivyo, na mimi ninayesema ni wa kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi alisimama juu ya mwamba, pale mkono wa bahari unapoingia nchi kavu. Chambo kilipolowa kilikunywa maji kama tambara la kupigia deki. Akakirusha, kikaangukia karibu na miguu yake. Akakirusha tena kwa nguvu zote za mabega, kikafika, lakini kilipita majini kimekakamaa, singa zimegandamana, hakuna hata moja iliyocheza. Na kolekole walikuja. Aliiona migongo yao. Walikifuata, wakakitazama, wakageuka.

Jua likapanda. Mkewe, Mbeyu, alikuwa ameshakuna nazi na kuchuja tui, na samaki haonekani. Akashuka mwenyewe hadi mwambani. Alikichukua kile chambo, akakikamua kama nguo ya kufua, maji yakachuruzika.

"Baba Jumwa," akasema, "hiki hukumfungia samaki. Umewafungia akina Chengo."

Nyanje akakipokea. Akatoa kisu, akaanza kupunguza. Kila fungu alilolikata alimkumbuka mtu aliyelisifu, na mkono ukawa mzito. Singa zilizoanguka mwambani zilizidi zilizobaki kwenye ndoana. Kilichobaki, ukikiangalia mkononi, ni kuku yuleyule aliyenyeshewa. Lakini kilipozama kila singa ilipata nafasi yake, mwanga ukapenya katikati, na zile chache zikaonekana samaki mzima aliye hai.

Maji yalikuwa yameshaanza kupwa, na kundi limekwenda zake. Alibaki kolekole mmoja, wala si yule mkubwa aliyemwahidi. Huyo akakichukua.

Wageni walikula, wakaridhika, Jumwa akaombewa baraka. Chengo naye alikuwapo. Alipewa kichwa, akakifyonza mpaka mifupa ikabaki myeupe. Na katika wote walioketi mkekani siku ile, hakuna hata mmoja aliyeuliza chambo kilikuwaje.

Barazani, ndugu zangu, ni hapa tulipo, na maji ni siku ile tunayoijua sote. Basi hiyo sala yako, hiyo sadaka yako, hilo jema unaloliongezea fungu kila ukisifiwa, unamfungia nani: mpita njia anayelitazama likiwa kavu, au Yeye atakayelitia majini?